AC, kW 50, kW 150 au kW 350: Uchaji wapi ukiwa mgeni wa gari la umeme?

Mtu aliyezoea pampu ya mafuta hushangaa akishika gari la umeme kwa mara ya kwanza. Mashine mbili za kuchaji zimesimama ubavu kwa ubavu, zinauza umeme uleule, lakini moja itamruhusu aondoke baada ya nusu saa na nyingine itamshikilia hadi jioni. Mshangao wa pili huja anapoikimbilia ile yenye namba kubwa, akalipa bei yake ya juu, halafu gari likapokea umeme kwa kasi ileile ambayo lingeipata kwa jirani.

Nauweka msimamo wangu mapema: pa kuchajia pachaguliwe kwa kuangalia kwanza gari lako linaweza kupokea kiasi gani, kisha wewe mwenyewe utakaa hapo muda gani. Namba iliyoandikwa kwenye mashine ije ya tatu.

Kabla ya kulinganisha, tutenganishe vipimo viwili vinavyochanganywa kila siku. Kilowati (kW) ni kasi ya umeme kuingia. Kilowati-saa (kWh) ni wingi wa umeme ulioingia au uliomo kwenye betri. Mashine ya kW 50 ikitoa nguvu yake yote kwa saa nzima, imekupa kWh 50. Ukilishika hilo, risiti na skrini za vituo zinasomeka bila taabu.

AC au DC

Hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote, na ndiyo inayowaponyoka wengi. Betri hutunza umeme wa DC (mkondo mnyoofu). Gridi huleta umeme wa AC (mkondo geu). Lazima pawe na mahali ambapo AC inageuzwa kuwa DC, na swali ni wapi.

Ukichomeka kwenye mashine ya AC, kazi ya kugeuza hufanywa na chaja ndogo iliyofungwa ndani ya gari. Chaja hiyo ina ukomo wake, na magari mengi huwa na kW 7.4 au kW 11. Machache yana kW 22. Kwa hiyo gari lenye chaja ya ndani ya kW 7.4 likichomekwa kwenye mashine ya AC ya kW 22, litachukua kW 7.4 basi. Katika nchi nyingi, gari lenye kW 11 nalo huhitaji umeme wa njia tatu (fezi tatu) ili lifike hapo. Kwenye njia moja litapungua. Hakuna unachoweza kufanya kwenye mashine kubadilisha hili, maana mlango mwembamba uko ndani ya gari lako.

Kwenye DC, kazi ya kugeuza imeshafanyika nje, ndani ya kabati kubwa la kituo, na umeme unaingia moja kwa moja kwenye betri. Ndiyo maana mashine hizo ni kubwa, zinanguruma kwa feni, na nyaya zake ni nene na zimefungwa kwenye mashine yenyewe. Kwenye AC, katika nchi nyingi, unatakiwa uje na waya wako, kwa hiyo uache kwenye buti siku zote.

Jihadhari na neno "haraka" kwenye ramani za vituo. Baadhi ya ramani huiita AC ya kW 22 chaja ya haraka, na mgeni akifika na gari lake la kW 7.4 hukuta kituo cha dakika arobaini kimegeuka kuwa nusu siku. Usisome sifa. Soma kama ni AC au DC, kisha soma kW.

Sisemi haya kuidharau AC. Mahali ambapo gari lingesimama tu hata hivyo, kama kazini, kwenye nyumba ya kulala wageni au kwenye maegesho ya usiku, AC inaishinda DC kwa karibu kila kigezo: kwa kawaida bei ya kila kWh huwa chini, betri haipati joto kali, na hakuna anayekusubiri umalize. Tatizo lake ni moja tu: haifai mtu aliye njiani.

kW 50, 150 au 350

Chukua gari la kawaida: betri ya kWh 60, mfumo wa volti 400, uwezo wa kupokea DC usiozidi kW 120, na chaja ya ndani ya kW 11. Unataka kutoka asilimia 10 hadi 80, yaani kWh 42. Kwa gari linalokula kWh 17 kwa kila kilomita 100, huo ni umeme wa karibu kilomita 250. Betri iwe na joto zuri, na makadirio yanakuwa hivi:

| Mashine | Kasi ya wastani inayoingia | Muda |
|---|---|---|
| AC ya kW 7.4 | chini kidogo ya kW 7 | zaidi ya saa 6 |
| AC ya kW 11 | karibu kW 10 | saa 4 na kidogo |
| DC ya kW 50 | karibu kW 45 | dakika 55 hadi 60 |
| DC ya kW 150 | karibu kW 85 | karibu dakika 30 |
| DC ya kW 350 | karibu kW 85 | karibu dakika 30 |

Tazama mistari miwili ya mwisho. Iko sawa. Gari haliwezi kulazimishwa kupokea zaidi ya linavyotaka; kompyuta yake ndiyo inayoiambia mashine itoe kiasi gani, na mashine hutii. Hii pia inajibu hofu ya wageni wengi: mashine ya kW 350 haitaiunguza betri ya gari dogo. Chevrolet Bolt EV iliyotengenezwa hadi 2023, yenye betri ya kWh 60 na zaidi, haikuvuka kW 55 hata ilipochomekwa kwenye mashine kubwa kuliko zote za njiani.

Basi kW 350 ni za nani? Nguvu ni volti mara ampea. Mashine nyingi kubwa za plagi ya CCS, inayotumika sana Ulaya, huishia kwenye ampea 500, na betri ya volti 400 ikipewa ampea 500 inafika kW 200. Hapo ndipo ukuta ulipo kwa magari mengi. Tesla huuvuka kwenye mashine zake kwa kupitisha ampea nyingi zaidi, lakini wengine waliona ni afadhali kupandisha volti. Porsche Taycan ilileta mfumo wa volti 800 kwenye soko mwaka 2019, na Hyundai Ioniq 5 na Kia EV6 zikaufuata mwaka 2021. Hizo mbili za mwisho zimetangazwa kutoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 18 zikiwa kwenye mashine ya kW 350, na hapo namba kubwa ina maana kamili.

Lakini volti 800 ina upande wake wa pili, na wauzaji hawausemi kwa sauti. Mashine za zamani zilijengwa kwa volti zisizozidi 500, zikiwemo mashine nyingi za Tesla za vizazi vya V2 na V3. Gari la volti 800 likifika hapo lazima lipandishe volti kwa vifaa vyake lenyewe, na kasi hushuka, wakati mwingine hadi chini ya ile ya gari la volti 400 lililosimama pembeni. Kama njia unayopita mara nyingi imejaa mashine za aina hiyo, gari la bei kubwa halitakupa unachokitegemea.

Kuhusu kW 50, wengi huzikimbia na nadhani wanakosea. Ni kweli nyingi hazitoi hata hiyo 50. Zina ukomo wa ampea 125, na betri iliyo kwenye volti 350 itapata kama kW 44. Lakini mahali unapokula mlo wa kukaa au kufanya shughuli ya saa nzima, ndiyo mashine inayolingana na muda wako. Ya kW 150 ingekulazimisha ukatize shughuli urudi kuondoa gari, vinginevyo utatozwa faini ya kukalia nafasi.

Kwa gari la volti 400, chaguo langu la njiani ni kW 150, na ile ya kW 350 nawaachia wenye volti 800 kila inapowezekana. Isipokuwa bei ni ileile na hakuna foleni. Hapo chomeka popote.

Kituo kimoja kirefu au viwili vifupi

Betri haijai kwa mwendo mmoja. Ni kama kujaza gunia: mwanzoni unamimina debe zima kwa mara moja, likikaribia mdomoni unashindilia kidogokidogo kwa mkono. Kasi ya juu kabisa hupatikana betri ikiwa chini, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 40 au 50, kisha inateremka kwa ngazi. Baada ya 80 magari mengi hushuka sana, na asilimia 20 za mwisho zinaweza kula muda unaokaribia ule wa kutoka 10 hadi 80.

Hili linabadilisha namna ya kupanga safari. Dereva wa mafuta hujaza tanki na kuendelea hadi taa iwake. Kwenye umeme, kusimama mara mbili, kila mara kutoka asilimia 15 hadi 60, kwa kawaida kunakufikisha mapema kuliko kusimama mara moja ukasubiri 100. Najua ni vigumu kuondoka na betri ya asilimia 60 ukiwa bado mgeni, moyo unakataa. Lakini kama kuna kituo cha uhakika mbele yako, dakika zinazotumika juu ya 80 ndizo ghali kuliko zote katika safari.

Zipo sababu za kweli za kuvuka 80: kituo kinachofuata kiko mbali, au hukiamini. Vuka bila wasiwasi. Vinginevyo, ukiona watu wanasubiri nyuma yako na uko kwenye 85, mpishe mwenzako.

Joto nalo lina neno. Betri baridi hukataa kasi, na gari lililotakiwa kupokea kW 120 linaweza kuanza na kW 40. Magari mengi mapya hupasha betri yenyewe ukiwa njiani, lakini kwa sharti kwamba umeiweka mashine ya kuchaji kama mwisho wa safari kwenye ramani ya gari. Ukitumia ramani ya simu, gari halijui unakoelekea wala halitajiandaa. Kwenye joto kali hali hugeuka: Nissan Leaf za vizazi viwili vya kwanza, ambazo betri zake hazina mfumo wa kupozwa kwa maji, hupungua kasi zikichajiwa haraka mara kadhaa ndani ya siku moja ya mwendo mkali. Mwenye Leaf ya namna hiyo apange safari ndefu kwa kuhesabu kwamba kituo cha pili na cha tatu vitakuwa polepole kuliko cha kwanza.

Aina ya betri pia huingia hapa. Betri za LFP (za lithiamu, chuma na fosfeti) huvumilia kujazwa hadi 100, na Tesla huwashauri wenye magari ya LFP wafanye hivyo mara moja kwa wiki ili kompyuta ipime sawasawa chaji iliyobaki. Za nikeli, manganizi na kobalti, zinazoitwa NMC, hufurahia zaidi kukaa chini ya 80 au 90 katika matumizi ya kila siku. Usisome ushauri wa gari la mwenzako ukaufuata kwako. Fungua kitabu cha gari lako.

Plagi

Wanaonunua gari jipya kwa muuzaji wa nchi yao hawana haja ya kukaa hapa sana, kwa sababu plagi yao italingana na vituo vyao. Anayenunua gari lililotumika kutoka nchi nyingine asome mara mbili.

Ulaya hutumia CCS2, ambayo ni plagi ya AC ya Type 2 iliyoongezewa pini mbili nene chini yake kwa ajili ya DC. Amerika Kaskazini ilikuwa na CCS1, na sasa inahamia plagi ya Tesla, NACS, iliyofunguliwa kwa kampuni nyingine Novemba 2022. Ford ilitangaza kuichukua Mei 2023, na wengi wakafuata. China ina GB/T. Japani ina CHAdeMO, ambayo chama chake kiliundwa 2010, na ndiyo iliyomo kwenye Leaf nyingi zilizotumika. Huko Ulaya na Marekani, vituo vipya vingi havifungwi tena CHAdeMO, hivyo bei nzuri ya gari la namna hiyo ipimwe pamoja na idadi ya mashine zilizobaki kwenye njia zako.

Adapta husaidia, ila hazifanani. Kati ya NACS na CCS mawasiliano ya gari na mashine hufanana, na adapta inaweza kuwa kipande kifupi cha chuma na plastiki. Kati ya CCS na CHAdeMO au GB/T lugha ni tofauti kabisa, kwa hiyo adapta lazima iwe na kompyuta ndani yake, inakuwa ghali, na huenda isielewane na kila mashine. Nunua iliyokubaliwa na mtengenezaji wa gari lako. Na usitafute waya wa kurefusha kwa ajili ya DC. Mamia ya ampea yanapita pale, na kiungo dhaifu kinaweza kuwaka moto.

Kituo chenye mashine moja au chenye kumi

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize kuliko kote. Kati ya kituo chenye mashine moja ya kW 350 na kituo chenye mashine sita za kW 100, nenda kwenye sita. Mashine moja ikiharibika, au ikakaliwa na mtu aliye kwenye asilimia 70 akitafuta 100, mpango wako wote umekwama. Penye sita, mbili zikifa bado unaondoka. Kwa mgeni ambaye hajajua kusoma kilomita zilizobaki kwenye gari lake, uhakika una thamani kuliko kasi.

Kabla ya kuelekea, fungua programu ya ramani ya vituo uangalie watu walichaji hapo lini kwa mara ya mwisho na walisema nini. Mashine iliyotumika saa mbili zilizopita ni habari njema kuliko nyota tano za mwaka jana. Kisha fika ukiwa na chaji ya kutosha kukufikisha kituo cha pili endapo hiki kitagoma.

Vituo vingi pia hugawana nguvu. Kabati moja hulisha nyaya mbili, na magari mawili yakichomekwa, kila moja hupata sehemu tu. Kwenye mashine za Tesla za V2, nafasi zilizoandikwa 1A na 1B ni za kabati moja, kwa hiyo ukikuta gari kwenye 1A, nenda 2A. Mahali ambapo hakuna alama, angalia kama nyaya mbili zinatoka kwenye mashine moja, na kama nafasi zipo, chagua isiyo na jirani. Kasi ikiwa ndogo bila sababu, kuhama mashine mara nyingi huponya.

Malipo kwa kWh au kwa dakika

Wanaotoza kwa kWh wanakuuzia umeme. Wanaotoza kwa dakika wanakuuzia nafasi. Kwa gari lenye kasi, dakika zinaweza kuwa nafuu. Kwa gari la polepole ni hasara: yule anayepokea wastani wa kW 45 hukaa mara mbili ya anayepokea kW 90, na kwa kWh zilezile 42 atalipa mara mbili. Kwenye baridi, au juu ya asilimia 80, hasara hiyo huongezeka. Basi mwenye gari dogo atafute kWh kila anapoweza, na akilazimika kulipa kwa dakika achomoe mapema. Angalia pia ada ya kuanza, ambayo huumiza anayechaji kidogokidogo, na faini ya dakika baada ya chaji kwisha.

Kuhusu namna ya kulipa, kadi ya benki ya kugusisha ndiyo inayomfaa mgeni, kwa sababu haihitaji intaneti wala kujisajili ukiwa umesimama kwenye mvua. Umoja wa Ulaya unazitaka mashine mpya za umma za kW 50 na zaidi, zilizowekwa tangu 13 Aprili 2024, zikubali malipo ya kadi. Programu ya kampuni huwa na bei ya chini kwa wanachama, kwa hiyo inafaa kampuni unayorudi kwake mara kwa mara. Isakinishe nyumbani, uweke kadi yako, uingie mara moja kabla ya safari. Plug & Charge, ambapo gari lenyewe hujitambulisha kwa mashine ukichomeka tu, ni raha isiyo na mfano pale inapofanya kazi, ila gari na kituo vyote viwili lazima viiunge mkono.

Jaribio la kwanza

Usiache DC ya kwanza ikukute safarini usiku na asilimia 6. Chagua siku ambayo huna haraka, betri ikiwa karibu 20, nenda kwenye kituo cha DC cha kW 150 au zaidi kilicho karibu na unapoishi. Chomeka plagi hadi mwisho ukiishika kwa uzito, maana waya mzito ukiivuta chini mawasiliano hukatika na mashine hutoa kosa. Mashine itapima usalama kwa nusu dakika au zaidi kabla ya kuanza. Usichomoe kwa kudhani imekwama.

Kisha andika kW zinazoonekana kwenye skrini ukiwa asilimia 20, 50 na 80, pamoja na hali ya hewa ya siku hiyo. Kama hata kwenye asilimia 20 hukuvuka kW 60, na betri haikuwa baridi, mashine ya kW 350 haina cha kukupa na bei yake usiilipe. Kama ulivuka kW 100 hadi kwenye asilimia 50, kW 150 ni zako. Kumaliza, simamisha kwanza kwenye skrini au kwenye programu, fungua gari ili kufuli ya plagi iachie, halafu rudisha waya kwenye ndoano yake ili anayekuja asiukute umekanyagwa na matairi.